Kuunga Mkono Vita na Kutotengua Kauli: Utenzi wa Vita vya Uhuru Usomwapo Taita Taveta

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa kazi za Shaaban Robert, Utenzi wa Vita vya Uhuru ni kazi inayotajwa sana na kusomwa kidogo. Sababu moja ni urefu wake: beti zipatazo 3,000 zinazosimulia Vita vya Pili vya Dunia tangu 1939 hata 1945. Sababu ya pili haisemwi waziwazi, nayo ndiyo iliyozaa makala haya. Wahakiki wengi huona haya mbele ya utenzi huu. Malenga aliyetutungia Kusadikika na Kufikirika, anayefundishwa katika shule na vyuo vyetu kama mtetezi wa utu na haki, hapa anasimama upande wa Uingereza, dola iliyokuwa ikiitawala nchi yake, na vita vya dola hiyo anaviita vita vya uhuru. Aibu hiyo imezaa njia mbili za kuukwepa utenzi. Wako wanaoutupa wakisema mtunzi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni na aliimba alichotakiwa kuimba. Wengine wanamsamehe wakisema kwamba kwa wakati ule hangeweza kujua zaidi.

Makala haya yanakataa njia zote mbili. Tunakusudia kuonyesha kwamba Shaaban Robert aliviunga mkono vita hivyo kwa hoja, kwamba hakuitengua kauli yake baadaye, na kwamba kutotengua huko ndiko kunakostahili kuhakikiwa. Swali letu ni hili: mwandishi aliyeunga mkono vita vyenye utata, kisha akashikilia msimamo wake baada ya gharama zake kujulikana, anadaiwa nini na wasomaji wake? Ili swali hili lisielee hewani, tutausoma utenzi tukiwa tumesimama mahali maalumu, yaani Voi na eneo zima la Taita Taveta nchini Kenya. Hapa ni mahali ambapo kuunga mkono vita vya Mwingereza, au kudhaniwa hukuviunga, kuliamua mara mbili katika karne ya 20 nani abaki kwake na nani aondolewe.

2.0 Taita Taveta na gharama ya utii

Tuanze na reli, kwa kuwa ndiyo inayouunganisha mji wa mtunzi na mahali tunaposomea. Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta, na kwa miezi 18 iliyofuata mpaka wa makoloni mawili ukawa uwanja wa mapambano. Waingereza walihitaji njia ya kupeleka majeshi, maji na chakula kutoka Voi, kituo cha reli ya Uganda, kupita nyika kavu hadi chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi. Ikafika Maktau mwaka huohuo, kisha Mbuyuni. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi lenye askari wengi wa Afrika Kusini lilijaribu kukiteka kilima cha Salaita likashindwa. Siku chache baadaye Jan Smuts alikuja kushika uongozi, na mwezi Machi vikapiganwa vita vya vilima vya Latema na Reata. Mwaka huohuo reli iliendelezwa hadi Kahe ikaungana na ile iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga. Basi njia ya treni iliyoiunganisha Tanga, alikozaliwa na kukulia Shaaban Robert, na Voi ilikuwa zao la vita. Mtunzi, aliyezaliwa 1909, alikuwa na umri wa miaka mitano Waingereza waliposhindwa Tanga mnamo Novemba 1914, na miaka saba mji huo ulipoingia mikononi mwao 1916. Aliukuta utawala wa Kiingereza ukiwa umeletwa kwa bunduki juu ya utawala mwingine ulioletwa pia kwa bunduki.

Watu wa Taita hawakuwa watazamaji wa mambo haya. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kukiteka kituo cha Waingereza huko Kasigau, serikali iliwashutumu wenyeji wa mlima huo kwamba wamemsaidia adui. Jamii nzima iliondolewa katika makazi yake na kupelekwa Malindi. Wengi walifia huko, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi kwao ila baada ya miaka mingi. Hapo hakuna aliyeulizwa kama anaviunga mkono vita. Utii wake ulikisiwa na mtawala, na hukumu ikapitishwa kwa umma bila kumpambanua mtu na mwenziwe.

Vita vya pili vilileta habari ya namna hiyohiyo kwa sura nyingine. Katika miaka ya mwisho ya 1930 Wataita walianzisha Taita Hills Association, chama kilichodai ardhi iliyochukuliwa na walowezi na mashamba ya mkonge, na kilichopinga hatua za serikali dhidi ya mifugo yao. Mei 1940, baada ya Uingereza kuingia vitani, serikali ya koloni ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association. Viongozi wao, akiwemo Woresha Mengo wa Taita, waliwekwa kizuizini. Shutuma iliyotolewa ilikuwa kwamba vyama hivyo vina uhusiano na adui. Mtu aliyedai shamba lake Wundanyi aligeuzwa na sheria za vita kuwa mshirika wa Hitler na Mussolini.

Kwa hiyo msomaji wa Taita Taveta anapofungua kitabu kinachoviita vita hivyo vita vya uhuru, ana haki ya kuuliza: uhuru wa nani? Swali hili haliletwi na nadharia ya baadaye. Ni swali la siku zilezile ambamo utenzi ulikuwa ukitungwa, na utenzi hauna budi kusimama mbele yake.

3.0 Utanzu na upande

Kabla ya kumhukumu mtunzi, tuuangalie utanzu aliouchagua. Tenzi za vita katika Kiswahili zina nasaba ndefu. Chuo cha Herekali, kilichotungwa na Bwana Mwengo mwaka 1728, kinasimulia vita kati ya Waislamu na dola ya Rumi, na tangu mwanzo msomaji anajua haki iko upande gani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima mwishoni mwa miaka ya 1880, alirithi umbo hilo na kuligeuzia upande wa watu wa pwani waliompinga Mjerumani. Abdul Karim bin Jamaliddini naye alitunga juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Watunzi hawa hawakukubaliana kisiasa, lakini wote walitumia utanzu mmoja ambao kimaumbile huelekea kuwa na upande.

Fani yenyewe inachangia jambo hili. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne huwa na kina kinachorudi kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji husubiri kina hicho na kukipata kila mara. Katika kisa kirefu, matukio hubadilika, wafalme huanguka, majeshi hurudi nyuma na kusonga mbele, lakini kina cha bahari hakibadiliki. Fani ya namna hii humfaa mtu aliyekwisha kuamua. Haimzuii kuhuzunika wala kulaani, lakini haimpi nafasi kubwa ya kusitasita. Malenga mwenye shaka angefaidika zaidi na shairi la majibizano, ambamo sauti mbili hukabiliana, au na insha, ambayo Shaaban Robert aliimudu sana.

Tofauti hii inaonekana wazi tukimlinganisha na mwandishi mwingine aliyeandika juu ya vita vilivyopita katika nyika hizi. Francis Brett Young, daktari wa jeshi la Waingereza, alifuatana na majeshi ya Smuts mwaka 1916 kuteremka bonde la Pangani, na kitabu chake Marching on Tanga kilitoka 1917. Brett Young hakuvipinga vita. Hata hivyo, nathari yake ni ya mtu mmoja anayetembea, anayechoka na kuugua, na anayeona nchi kabla hajaona lengo la kampeni. Nathari ya aina hiyo huweza kuviunga mkono vita na wakati huohuo kuvitilia shaka kwa wingi wa mambo madogo inayoyaandika. Shaaban Robert hakuichagua njia hiyo. Alichagua utanzu wa Herekali, na kwa uchaguzi huo alisema kwamba vita vya 1939 hata 1945 ni vita vya haki na batili, vinavyostahili umbo ambalo Waswahili walilitumia kwa mambo ya imani.

Kwa maana hiyo, hoja kwamba mtunzi aliimba tu alichotakiwa kuimba inadhoofika. Serikali za kikoloni zilihitaji matangazo na vipeperushi, hazikuhitaji utenzi wa beti 3,000. Mtu anayetimiza amri humaliza mapema. Urefu wa kazi hii ni ushahidi kwamba mtunzi alijiamrisha mwenyewe.

4.0 Kauli isiyotenguliwa

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita baada ya uhuru wa Tanganyika. Tangu mwisho wa vita alikuwa na miaka 17 ya kuiacha kazi hii, kuibadili jina, au kuandika neno la kujitoa. Katika miaka hiyo aliona mengi. Aliona kwamba Hati ya Atlantiki ya 1941, iliyowaahidi watu wote haki ya kuchagua serikali yao, ilifasiriwa na Churchill mwenyewe mbele ya Bunge, Septemba mwaka huo, kuwa iliwalenga hasa watu wa Ulaya waliotekwa na Wanazi. Aliona Waafrika waliopigana Uhabeshi, Madagaska na Burma wakirudi katika nchi ambazo bado zilikuwa za wengine. Pamoja na hayo, katika maandishi yake yaliyochapishwa hatukuti kauli ya kuukana utenzi wake. Ulipotoka kama kitabu mwaka 1967, baada ya kifo chake, ulitoka na jina lilelile.

Mwaka huo una maana. Mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na FRELIMO ilikuwa imekwisha kuanza mapigano Msumbiji tangu 1964. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi wa wakati huo, maneno "vita vya uhuru" yalimaanisha vita dhidi ya ukoloni, si vita vya wakoloni wao kwa wao. Kitabu kikaingia sokoni kikiwa na jina lililokwisha kuchukuliwa na maana nyingine. Ni rahisi kusema kwamba historia ilimkejeli mtunzi. Tunaona lipo tafsiri lililo karibu zaidi na maandishi yake: mtunzi alilitwaa neno la mtawala na kulichukulia kwa uzito ambao mtawala mwenyewe hakuukusudia. Ukisema unapigania uhuru, nami nikatunga beti 3,000 kuyathibitisha maneno yako, basi nimekushikisha shahidi. Siku utakapoukataa uhuru huo kwangu, utakuwa unajikana mwenyewe.

Tafsiri hii ingekuwa ya kumtetea mtunzi bure kama isingekuwa na ushahidi nje ya utenzi. Ushahidi huo tunaupata katika Kusadikika, riwaya iliyotoka 1951, miaka sita tu baada ya vita. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake anawasimulia wajumbe sita waliotumwa na serikali ya Kusadikika kwenda nchi mbalimbali kutafuta mema. Kila mmoja alikwenda, akapata taabu, akarudi na mapendekezo ya kuiboresha nchi yake, na kila mmoja akatupwa gerezani. Kwa kawaida wahakiki huisoma hadithi hii kama istiari ya utawala wa kikoloni kwa ujumla. Sisi tunapendekeza ihusishwe pia na askari waliorudi kutoka vitani. Nao walitumwa na serikali, wakaona nchi za mbali, wakarudi na mawazo juu ya namna nchi inavyoweza kutawaliwa, na wakapokewa kwa tuhuma. Hatudai kwamba mtunzi alikusudia usawiri huo mmoja kwa mmoja. Tunadai kwamba mantiki ya kazi hizi mbili ni moja: aliyetumwa na dola kwa jina la jambo jema ana haki ya kuidai dola jambo hilohilo arudipo.

Kumbuka pia kwamba Karama hautukani ufalme. Hoja yake yote inategemea sheria na heshima ambazo Kusadikika yenyewe hudai kuwa nazo. Hiyo ndiyo njia ya Shaaban Robert ya kupinga, na haiwezekani bila kwanza kuyakubali maneno ya anayepingwa. Kwa hiyo aliyeunga mkono vita na aliyetunga Kusadikika si watu wawili, mmoja wa kulaumiwa na mwingine wa kusifiwa. Msimamo wa kwanza ndio uliompa mtunzi mahali pa kusimama alipoandika cha pili.

5.0 Deni la majina: mlinganisho na Kipling

Si kila kushikilia msimamo kuna thamani hiyo, na mlinganisho mmoja utatusaidia kupambanua. Rudyard Kipling aliviunga mkono Vita vya Kwanza vya Dunia kwa nguvu zake zote, na alitumia heshima yake ili mwanawe John, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akubaliwe kuwa afisa. John aliuawa Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka 18. Kipling hakuitengua kauli yake. Badala yake, tangu 1917 alifanya kazi katika tume ya Waingereza ya makaburi ya vita, akachagua kutoka katika maandiko ya dini maneno ya kuchongwa kwenye mawe, maneno yanayoahidi kwamba majina ya waliokufa yataishi daima. Hapa kushikilia msimamo kuliambatana na kazi ya kulipa: kila aliyekufa apate jina lake, bila kutofautisha afisa na askari wa kawaida.

Lakini Kipling huyohuyo ndiye aliyetunga maandishi ya sanamu ya askari iliyosimamishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920, ambayo yapo kwa Kiswahili pia. Maandishi hayo huwataja askari Waafrika, huwafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi, na humwahidi msomaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Mhakiki wa lugha ataona mara moja mambo mawili. La kwanza ni kimilikishi. Nchi inayosemwa ni ya msomaji, ilhali mwaka 1920, kabla sanamu haijasimamishwa, nchi hiyo ilikuwa imetangazwa koloni la Mfalme, na mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande. La pili ni jina. Maandishi yanaahidi jina, na sanamu haina hata jina moja.

Upungufu huu haukuwa wa jiwe moja. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa kwa maelfu. Hata hesabu za serikali zilikiri zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa na si kwa risasi. Makaburi ya vita yapo Voi, Maktau na Taveta, na msomaji anayezunguka humo atakuta majina ya waliotoka mbali kuja kufa katika nyika hii. Wapagazi waliobeba chakula na risasi katika nyika hiyohiyo hawakupewa mawe yenye majina kwa kiasi kinacholingana na vifo vyao. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ya makaburi ilitoa taarifa ikikiri kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Zaidi ya miaka 90 ilikuwa imepita tangu ahadi ile ichongwe.

Tunachojifunza kwa Kipling ni kwamba uthabiti wa msimamo peke yake hauthibitishi kitu. Kwa mwanawe na wenzake alishikilia msimamo na akalipa deni lake kwa kazi ya maisha. Kwa mpagazi wa Afrika Mashariki alishikilia msimamo na akatoa ahadi tu, deni likaachiwa watoto wa mpagazi. Kipimo tunachokipendekeza basi ni hiki: aliyeunga mkono vita na asiyetengua kauli yake ahukumiwe kwa namna anavyoshughulikia gharama, na hasa gharama iliyolipwa na watu wasio na sauti ya kumdai.

6.0 Upungufu wa Utenzi wa Vita vya Uhuru

Kwa kipimo hicho, Shaaban Robert haponi kirahisi. Tumeona kwamba aliligeuza neno la mtawala kuwa deni. Lakini deni hilo analidai kwa niaba ya Mwafrika kwa jumla, au ya binadamu kwa jumla, na ujumla huo una kasoro yake. Uzito wa utenzi uko kwa mataifa, viongozi na majeshi. Hiyo ni desturi ya utanzu, ambamo mashujaa wachache hutajwa na umati hufuata. Si humo msomaji atakamoipata habari ya chama kilichofungwa Taita mwaka 1940, wala ya kijiji kilichohamishwa. Utanzu uliompa mtunzi uthabiti ndio huohuo uliomnyima macho ya kuona mtu mmoja mmoja aliyeumia upande wa washindi.

Wako watakaosema kwamba kumdai malenga wa Tanga habari za Wundanyi ni kumwonea. Pingamizi hili lina uzito, kwani hakuna kazi inayoweza kubeba yote, na mtunzi hakuwa Mkenya. Hata hivyo tunajibu kwamba suala si habari iliyoachwa, bali kundi la matukio ambalo hoja ya utenzi ililihitaji. Ukiviita vita vya dola fulani vita vya uhuru, ushahidi mkubwa dhidi yako ni watu walionyimwa uhuru na dola hiyo kwa sababu ya vita hivyohivyo. Hoja isiyokutana na ushahidi huo haijakamilika, hata ikiwa ya kweli. Nasi tunaamini kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa ya kweli. Ushindi wa Hitler na Mussolini usingewaletea Wataita mashamba yao. Mussolini alikwisha kuonyesha Uhabeshi, tangu 1935, aina ya utawala aliyokuwa nayo kwa Waafrika. Woresha Mengo na wenzake hawakuhitaji adui huyo ashinde ili madai yao yawe ya haki. Ni serikali iliyowalazimisha kuchagua kati ya haki yao na utii wao, uchaguzi ambao haukuwa wa lazima.

Hapa ndipo uhakiki unapaswa kusaidia. Mtazamo uliozoeleka unataka tuchague: ama tumkubali Shaaban Robert na vita vyake, ama tuwakubali wafungwa wa Taita. Tukichagua hivyo tutakuwa tumeirudia mantiki ya serikali ya 1940, iliyodai kwamba asiyeisifu iko vitani naye. Inawezekana kusema kwamba malenga alikuwa sahihi juu ya adui aliyempinga, na wafungwa walikuwa sahihi juu ya mtawala aliyewafunga. Utenzi haukulisema jambo hili la pili. Kusadikika ililisema, kwa fumbo. Wafungwa wenyewe walilisema kwa maisha yao.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Utenzi wa Vita vya Uhuru ni kazi ya mtu aliyeamua, aliyechagua utanzu unaofaa uamuzi wake, na ambaye hakurudi nyuma gharama zilipojulikana. Tumependekeza kwamba kushikilia msimamo kwa namna hiyo kusipimwe kwa uthabiti wake, kwa kuwa hata mkaidi ni thabiti, bali kwa yale ambayo msimamo unamfanya mtu ayadai na ayalipe. Kwa kipimo hicho Shaaban Robert anapata nusu. Alidai, na Kusadikika ni hati ya madai yake. Hakuhesabu gharama ya watu walioumizwa na upande wake mwenyewe, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa tena naye.

Inaweza kufanywa na wasomaji. Pendekezo letu kwa walimu wa fasihi ni kwamba utenzi huu usisomeshwe peke yake. Usomwe pamoja na Kusadikika, na pamoja na masimulizi ya Kasigau na ya chama cha 1940, ambayo bado yamo vinywani mwa watu wa milima ya Taita na ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta wako karibu nayo kuliko mtu yeyote. Masimulizi hayo yakusanywe kwa Kidawida na Kikasighau kabla wenyeji wake hawajaondoka, na yahakikiwe kama fasihi, si kama kiambatisho cha historia.

Jambo hili si la zamani tu. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, na wako waandishi na wasomi walioviunga mkono vita hivyo hadharani kwa hoja za usalama ambazo hazikuwa za kupuuzwa. Baadhi yao wangali na msimamo huo. Hatuwadai watubu. Tunawadai walichodaiwa Shaaban Robert na Kipling: watutajie, kwa majina, waliolipa gharama ya kauli yao pande zote mbili za mpaka, wakiwemo raia wa Kenya walioshukiwa kwa sababu tu ya jina au kabila lao. Anayeweza kuyataja majina hayo na bado akasema vita vilikuwa vya haki, huyo tutamsikiliza. Anayeshikilia kauli na kuyakwepa majina atakuwa amechonga maandishi mengine ya sanamu.